Kiti cha Mwenyekiti Barazani Kwangu

Kwa muda wa miezi mitatu hivi kiti cha mwenyekiti wa mtaa wetu kilikaa barazani kwangu, na mwenyewe akaendesha vikao vyake juu ya benchi la kuazima. Ni kiti cha mninga, kizito, chenye mikono miwili na mto wa kitenge uliopauka. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni Gongoni walikitazama, wakacheka, kisha wakaniamkia na kuuliza, "Mwalimu, bado hakijakombolewa?" Nami nikawajibu kwamba majibu hayajarudi. Hakuna aliyeuliza ni majibu gani. Mtaa mzima ulikuwa unayangoja.

Nianze mwanzo, maana si kila anayesoma haya anakaa Tabora.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, Kiswahili na Uraia, na tangu nistaafu naishi katika nyumba aliyoniachia baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Ina vyumba sita, ua wenye kisima, na baraza pana inayotazama njia ya stesheni. Chumba cha mbele anakaa mwanamke mmoja wa Kigogo. Amekaa miaka tisa. Kazi yake ni kuuza ngono. Watu wana majina mengi ya kazi hiyo, mengine ya matusi, mengine ya mzaha yaliyotoka Dar es Salaam, lakini mimi nasema kama yeye alivyoniambia siku ya kwanza, kabla hajaingiza hata godoro.

"Mwalimu, nisikufiche ukaja kusikia kwa watu," alisema, akanieleza kazi yake.

Nilimwomba siku tatu nifikiri. Aliporudi nikampa sharti moja, kwamba wateja wasije nyumbani.

"Hata mimi siwataki hapa," alijibu. "Natafuta mahali pa kulala peke yangu."

Halafu akaukagua mlango. Hakuuliza habari ya umeme wala maji. Alifunga komeo la ndani, akalifungua, akalifunga tena, mara tatu. Huko nyuma alikuwa akilala katika nyumba ya wageni yenye milango isiyofungika. Nilipomwona na lile komeo nikajua nimempata mpangaji.

Sasa kuhusu karatasi. Asubuhi moja alirudi kutoka dukani na picha ndani ya simu yake. Alikuwa amepiga picha ya tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Ilikuwa rasimu ya sheria ndogo ya maadili.

Hapa nieleze kidogo, kwa kuwa wengi hawajafundishwa. Sheria kubwa za nchi zinatungwa bungeni. Sheria ndogo zinatungwa huku chini tulipo, na halmashauri, kuhusu taka, mifugo, masoko na mambo kama hayo. Kabla haijapita, rasimu hubandikwa mahali pa wazi ili wananchi waisome na watoe maoni, hata ya kuikataa. Watu huona karatasi yenye muhuri wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe karatasi hiyo inawauliza swali.

Sheria kubwa haikuwa rafiki wa mpangaji wangu, hilo alilijua na alilizoea. Lakini rasimu hii iliongeza mambo mawili. La kwanza, mwanamke yeyote atakayeonekana karibu na stesheni, stendi au nyumba ya wageni akiwa amejipamba na hana shughuli inayoeleweka, angehesabiwa kuwa anajiuza, akamatwe. La pili, mwenye nyumba anayempangisha mwanamke wa namna hiyo angetozwa faini, na mpangaji angetolewa ndani ya siku saba.

Alinisomea hayo ya mwisho akiwa amesimama mlangoni kwake, mkono mmoja juu ya komeo.

"Mwalimu, utanitoa?"

"Kwanza tuisome vizuri," nilisema. Ndivyo nilivyo. Nyumba ikiungua nitataka kwanza tuisome vizuri.

Alasiri ya siku iliyofuata walikuja wenzake saba, wakaketi mikekani uani. Niliiandika ile ibara kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama anayeuza asali kwa abiria wa treni, alichungulia kwa juu.

"Mwalimu! Umefungua shule ya machangudoa?"

"Nimefungua shule ya kusoma. Karibu, mkeka upo."

"Nisome nini? Sheria nzuri hiyo. Watoto wetu wanapita njia hii."

"Njoo uisome basi, ndipo uisifu."

"Naisifu hapa hapa nilipo," alisema, lakini hakuondoka ukutani.

Nina njia yangu ya kufundisha ufahamu. Mwanafunzi akishindwa na sentensi, namwambia aondoe maneno kama "mtu yeyote" au "mwananchi", aweke jina lake mwenyewe, asome upya. Sentensi ile ile huanza kuuma. Niliwaambia wafanye hivyo, mmoja mmoja. Wa kwanza alisoma akicheka. Wa tatu hakucheka. Mpangaji wangu alisoma polepole, jina lake ndani ya kila mstari, na alipofika kwenye siku saba akasimama, akaanza upya, akamaliza.

"Na wewe jirani?" niliuliza ukutani.

"Mimi simo humo," alijibu, akashuka.

Tuliandika barua ya pingamizi jioni ile. Tuliandika kwamba ibara ya kwanza inamkamata mtu kwa sura na si kwa kitendo, na ya pili inawafukuza watu kwenye vyumba vinavyofungika na kuwarudisha kwenye visivyofungika. Nilitia saini kama mwenye nyumba. Ilibidi iwe hivyo, kwani tangazo lilisema katika mkutano wa kupokea maoni watasema wenye nyumba tu. Wapangaji wangesikiliza.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika darasa la shule. Mwenyekiti alileta kiti chake kutoka ofisini, kwa sababu ana mgongo mbovu tangu alipokuwa fundi wa reli, na madawati yale yalitengenezwa kwa ajili ya watoto. Ni mtu mwema. Ni Mnyamwezi, Mmoraviani, anapenda mambo yaende kwa utaratibu, na aliamini kwa moyo wake kwamba rasimu ile ingeufanya mtaa uwe safi.

Nilisema mimi kwanza. Nakiri sikusema vizuri. Nilieleza kama ninavyoeleza siku zote, hatua kwa hatua, na nilipofika hatua ya nne mzee mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amesinzia huku kinywa kiko wazi. Watu walinipigia makofi ya heshima, yale anayopigiwa mwalimu mstaafu akikaa. Akasimama jirani yangu wa asali, akasema maneno machache kuhusu watoto wanaopita njia ya stesheni, na makofi aliyopigiwa yalimwamsha yule mzee.

Nilitazama mlangoni. Mpangaji wangu na wenzake walikuwa wamefika wakakuta hakuna nafasi, wamesimama kizingitini. Alikuwa ananitazama. Mwenyekiti alikuwa anasimama kuita watu wanyooshe mikono.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo Mnyamwezi tu angeweza kulifanya.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Zamani misafara ilipokuwa ikitoka hapa kwenda pwani, wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na mizigo mabegani, ilipita Ugogo, nchi kavu ambayo maji yake yana wenyewe. Waligombana, wakapatana, na katika kupatana kukazaliwa utani unaoendelea mpaka leo. Mtani anaweza kukutania mbele ya watu, kuchukua kitu chako akakishika mpaka ukikomboe, na kukuambia ukweli ambao ndugu yako hathubutu. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani mtani ana kazi yake kabisa. Mwaka uliotangulia, mama yake mwenyekiti alipofariki, ni yeye mwenyewe aliyekuja barazani kwangu kumwita mpangaji wangu, kwa kuwa Wagogo mtaani kwetu ni wachache. Naye alikwenda. Alivaa kitenge cha marehemu, akatembea na fimbo yake akiwagombeza waombolezaji kwa sauti ya yule bibi, kisha akalala njiani mbele ya jeneza akisema bibi hapiti mpaka watoe kuku, kwani enzi za uhai wake alimsengenya yeye Mgogo vya kutosha. Mwenyekiti alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale yalipoanza yaliendelea kuwa ya kilio. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoweza kumzika mama.

Basi Jumamosi ile alipoinua macho akamwona mtani wake mlangoni, mdomo ulimponyoka kwa mazoea.

"Aa, Mgogo! Njaa ya Dodoma imekusukuma mpaka mkutanoni? Leo hatugawi chai!"

Darasa likacheka. Mimi nilimwona akifumba mdomo haraka, kama mtu aliyeona mlango wa zizi umebaki wazi. Utani ukishaanzishwa hauzuiwi kwa utaratibu wa kikao.

"Ahsante mtani kwa kunikaribisha," alisema mpangaji wangu, huyo akaingia. "Nimesikia Wanyamwezi wanapika sheria. Nikasema, hawa kazi yao kubeba mizigo, kupika watajulia wapi? Ngoja nikawaonjee chumvi."

"Keti, keti. Wasemaji ni wenye nyumba."

"Nikae wapi? Hapa kiti cha maana naona kimoja."

Na kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amesimama, akakikalia. Darasa likalipuka. Mtu mmoja wa kamati alitaka kumwinua, na yule mzee aliyekuwa amesinzia akapaza sauti, "Muache! Ni mtani wake! Si kamchokoza mwenyewe?"

Miwani ya mwenyekiti ilikuwa mezani juu ya rasimu. Mpangaji wangu akaivaa, akaisukuma mpaka ncha ya pua, akakohoa kile kikohozi cha mwenyekiti ambacho sote tunakijua.

"Ndugu wananchi. Utulivu. Tunasoma ibara, kwa njia ya mwalimu. Tunaondoa 'mwanamke yeyote', tunaweka mtu." Akatazama juu ya miwani. "Mama wa asali, simama."

"Mimi? Nina nini mimi?"

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Stesheni, kama kila siku. Nangoja treni."

"Karibu na stesheni. Andikeni. Mikononi una nini?"

"Hina. Nilikuwa harusini, hata wewe uliniona!"

"Na machoni?"

"Wanja, we mwanamke!"

"Amejipamba. Andikeni. Asali ilikuwa imebaki?"

"Ilikwisha mapema, wasafiri wa Igalula waliimaliza yote."

"Imekwisha, na bado umekaa pale. Shughuli gani inayoeleweka?"

"Napunga upepo!"

"Napunga upepo," alirudia kwa sauti ya mwenyekiti, akiwatazama watu kwa huzuni. "Ndivyo wanavyosema wote. Nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

"Basi mwenye nyumba atoe faini, na ndani ya siku saba ujifukuze."

Sijapata kusikia kicheko kama kile katika darasa, na nimekaa madarasani maisha yangu yote. Jirani yangu alishika dawati asianguke. "Ningejua," alisema huku anajifuta wanja uliokuwa unatiririka, "ningebakisha hata chupa moja!"

Mpangaji wangu aligeuza karatasi, akaigeuza tena, akachungulia chini ya meza.

"Mtani, naomba msaada. Huyu mwanamke nimemwona ibara ya kwanza, nimemwona ya pili. Mwanaume aliyekuwa naye yuko ibara ya ngapi? Nimetafuta mpaka nyuma ya karatasi."

Wanawake walipiga vigelegele. Wanaume wengi waligundua kwamba sakafu ya darasa lile ni ya kuvutia sana.

Kisha akavua miwani, akaiweka mezani palepale alipoitoa.

"Sasa nakuuliza bila mzaha. Mwaka juzi nilipigwa. Nilikuja ofisini kwako jicho limevimba, ukaniuliza nilikuwa wapi, nikakuambia kweli. Ukaandika barua, ukanisindikiza mwenyewe mpaka polisi, na yule mtu akashikwa. Hii ikipita, nitakuja tena? Nitakuambia nilikuwa wapi?"

Mwenyekiti aliitazama rasimu iliyokuwa mezani.

"Sikuombi uipende kazi yangu. Mwalimu mwenyewe haipendi, nakaa kwake miaka tisa. Nina chumba kinachofungwa kwa ndani. Sina kingine katika mji huu. Msinitoe kwenye chumba changu."

Alisimama, akakishika kiti kwa mikono yake miwili.

"Hiki nimekiteka. Sitaki kuku. Nitakirudisha siku nitakayojua kwamba nakaa." Akakitoa nje, na wenzake wakampisha.

Mwenyekiti alijipapasa uso kwa viganja. "Mgogo amenimaliza," alisema, akacheka kidogo, akatafuta pa kukaa, akakosa. Akaita mikono akiwa amesimama. Wengi waliamua rasimu irudishwe halmashauri ilikotoka, pamoja na barua yetu, na kwamba zile ibara mbili mtaa hauzitaki. Si wote. Lakini jirani yangu wa asali aliunyoosha mkono wake wenye hina juu kuliko yeyote.

"Kazi yake bado siipendi," aliniambia tukitoka. "Ila mtu asije akanikamata kwa wanja wangu."

Ndivyo kiti kilivyofika barazani kwangu. Kila asubuhi mpangaji wangu alikifuta vumbi, lakini hakukikalia hata mara moja. Mwenyekiti alizoea kupita alasiri, mgongo ukimsumbua, na kuomba ruhusa ya kukikalia kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

"Kimoja tu," mtani wake angesema. "Ukiongeza cha pili nachukua na viatu."

Walicheka, nami nilicheka nao. Ila nilipokuwa nikipita mlangoni kwake niliona sanduku limefungwa, limesimama kando ya kitanda. Alikuwa amenunua kitambaa cha pazia kabla ya mambo haya, cha maua ya manjano, kikabaki ndani ya mfuko wake wa dukani. Sikumuuliza. Nilimwambia tu, kila nilipopata nafasi, kwamba tulifanya kila linalofanywa na kwamba barua yetu ilikuwa nzuri. Alikuwa akiitikia, "Ndiyo mwalimu," kwa adabu, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Yalikuja siku ya Alhamisi. Mwenyekiti alifika kwa baiskeli, jasho linamtoka, karatasi mkononi, akanikabidhi. Nikampa mpangaji wangu.

"Soma mwenyewe. Umeshajua njia."

Alisoma amesimama, kidole chini ya kila mstari. Sheria ndogo iliyorudi ilikuwa na taa za njia ya stesheni, na saa za mwisho za kupiga muziki kwenye baa na nyumba za wageni. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena yote. Siku saba hazikuwemo. Wenye nyumba hawakuwemo. Mwanamke aliyejipamba hakuwemo. Ile sheria kubwa imebaki kama ilivyokuwa, na hilo sote tunalijua. Lakini katika karatasi hii hapakuwa na mahali pa kuweka jina lake.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," alisema mwenyekiti. "Nami nimechoka na lile benchi."

Mpangaji wangu aliingia chumbani kwake. Tulisikia zipu ya sanduku ikifunguliwa, kisha vitu vikiwekwa mahali. Alichukua muda wake. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine ameizungusha kichwani kama ngata. Mwenyekiti akataka kukifunga kiti kwenye baiskeli.

"Acha, mtani. Nilikiteka, nakirudisha."

Akakiinua, akakipachika kichwani miguu juu, akashuka barazani. Mwenyekiti akafuata nyuma anakokota baiskeli. Jirani yangu wa asali alitoka mbio akapiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani mpaka upande wa Chemchem.

"Njooni mwone! Mnyamwezi anabebewa mzigo na Mgogo!"

"Siku moja tu!" alijibu yule aliyebeba, bila kugeuza shingo. "Babu zao walibeba miaka yote, leo nawapumzisha!"

"Na mto wangu?" mwenyekiti aliuliza ghafla. Mto wa kitenge ulikuwa umebaki barazani.

"Mto ni ujira wa mpagazi. Hukusoma ibara ya mwisho?"

Walikuwa wamefika kwenye kona aliposimama, akageuka mwili mzima taratibu, kiti kichwani, ili aweze kunitazama.

"Mwalimu!" aliita. "Nikirudi niazime nyundo. Nataka kutundika pazia."